Mama ana magoti, London ina ngazi: tutazungukaje?

Swali: *Habari za kazi. Naishi Dar es Salaam. Mwezi wa nne, Mungu akipenda, nakwenda London na mama yangu mwenye miaka 68 na wanangu wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 13. Tunafika Alhamisi, tunaondoka Jumatano inayofuata, na tumepata chumba karibu na Paddington. Mama anatembea vizuri tu, ila ngazi zinamtesa magoti. Nimefungua ramani ya treni zao za chini ya ardhi nikaona tambi zilizomwagika. Kaka yangu anasema tukate tiketi ya wiki tupande treni tu, ndiyo London yenyewe. Shoga yangu aliyewahi kufika anasema kwa hali ya mama ni teksi mwanzo mwisho. Pesa zenyewe si nyingi kiasi hicho. Na huyu wa miaka 9 ameshikilia kwamba lazima apande treni isiyo na dereva. Nianzie wapi?*

Dada, anza kwa kuiweka kando hiyo ramani ya tambi. Si mbaya, ni nzuri mno kwa kazi yake, lakini kazi yake si hiyo unayoitaka wewe. Wewe unataka kujua mji umekaaje na mama atapanda ngazi ngapi. Ile ramani haikwambii la kwanza, na la pili inakwambia kwa alama ndogo ambayo wageni wengi hawaitazami.

Ramani ile asili yake ni mchoro wa Harry Beck, mchoraji wa mitambo ya umeme, uliotolewa kwa abiria mwaka 1933. Beck aliona kwamba mtu akishakuwa chini ya ardhi hajali mtaa gani uko juu ya kichwa chake. Anajali kituo gani kinafuata na abadilishe wapi. Akainyoosha mistari kama nyaya za umeme, akavipanga vituo kwa nafasi zinazolingana, katikati ya mji akapatanua na pembeni akapabana. Matokeo yake ni kwamba vituo viwili vilivyopakana katikati huonekana mbali, kumbe ni pua na mdomo.

Mfano ninaopenda kuutoa, kwa sababu uliniaibisha, ni Leicester Square na Covent Garden. Kati yao kuna kama mita 260, mwendo wa dakika nne au tano kwa miguu. Miaka yangu ya mwanzo ya kupokea wageni, nilishuka chini na familia moja ya Unguja kwa ajili ya kituo hicho kimoja. Tulipofika Covent Garden foleni ya lifti ilikuwa ndefu, nami kwa ujuaji nikasema tupande ngazi. Zile ngazi ni za mzunguko, ziko 193, sawa na jengo la ghorofa 15, na tangazo linalosema hivyo lipo ukutani, nililipita bila kulisoma. Mzee wa familia alikaa katikati ya safari, akashika ukuta, akaniambia, "Mwanangu, mnara huu mrefu hivi, muadhini yuko wapi?" Tangu siku hiyo mwenye magoti simpeleki chini ya ardhi kabla sijahesabu ngazi.

Kwa nini ngazi ni nyingi hivyo katika mji tajiri namna ile? Ni uzee. Treni ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilianza hapo hapo London mwaka 1863, na kituo chake cha mwanzo kilikuwa jirani zenu, Paddington. Njia za mwanzo zilijengwa kwa kuchimba mtaro barabarani, kuweka reli, kisha kufunika juu. Hizo hazina kina kirefu, na ndizo leo zinaitwa Metropolitan, District, Circle na Hammersmith & City. Baadaye wakaja wachimbaji wa mahandaki ya mviringo, chini kabisa, wakatuachia Northern, Central, Bakerloo na Piccadilly. Wakati ule hakuna aliyewaza kiti cha magurudumu wala magoti ya mama wa mtu. Kupachika lifti leo katikati ya mabomba, nyaya na misingi ya majengo ni kazi ya miaka na fedha nyingi, ndiyo maana katika vituo 272 vya treni hizo ni kama theluthi moja tu unavyoweza kuingia na kutoka bila ngazi.

Sasa kaka yako na shoga yako. Kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Kaka anakosea kwenye tiketi ya wiki. Siku hizi si lazima ukate tiketi. Unagusisha kadi ya benki ile yenye alama ya mawimbi, au simu iliyounganishwa na kadi, au kadi yao ya Oyster unayoijaza pesa. Kompyuta inajumlisha safari zako za siku, na ukifika kiwango fulani inaacha kukukata. Kwa hesabu yao siku inaanza saa 10:30 alfajiri hadi saa 10:29 alfajiri inayofuata, kwa hiyo ukirudi usiku wa manane bado uko kwenye siku ile ile. Kuna kiwango cha juu cha wiki pia, lakini wiki yao ni Jumatatu hadi Jumapili, haihesabiwi tangu siku ya kwanza ulipogusisha. Ninyi mnafika Alhamisi na kuondoka Jumatano. Safari yenu inakatwa katikati, siku nne wiki hii na siku tatu wiki ijayo, na hicho kiwango cha wiki huenda msikifikie kabisa. Hakuna hasara, maana kile cha siku kitawalinda.

Katika hili kuna kosa moja ambalo ndilo hasa linalowala wageni pesa. Kwa ile kompyuta, kadi moja ni mtu mmoja. Hugusishi kadi yako mara tatu familia ipite kama konda anavyokusanya nauli ya watu watatu kwa noti moja. Na kadi ya plastiki ikiwa pia imo ndani ya simu, kompyuta inaona watu wawili, kwa sababu namba zake ni tofauti. Ukiingia kwa simu ukatokea kwa plastiki, yeye anaona mtu mmoja aliyeingia hajatoka na mwingine aliyetoka hajaingia, na kila mmoja anatozwa nauli ya juu kabisa. Hapo hapo kuna ujanja halali: kama benki yako inakubali kuunganisha simu, wewe shika simu, mama ashike plastiki, na msibadilishane mpaka siku ya kuondoka. Kama benki haikubali au unaogopa makato ya benki ya kubadili fedha kila siku, mnunulie mama Oyster na kuijaza. Kadi yenyewe utailipia, lakini salio haliozi. Akija tena miaka mitatu baadaye atalikuta.

Watoto wako wana neema. Huyu wa miaka 9 hasafiri kwa nauli: walio chini ya miaka 11 hupanda bure basi, treni za chini, njia ya Elizabeth na DLR (treni nyingine mbili nitakazokueleza mbele) wakiwa na mtu mzima anayelipa. Mpitishe kwenye geti pana pamoja nawe. Wa miaka 13 anahitaji kadi yake. Mnunulie Oyster, kisha mpeleke yeye mwenyewe kwa mfanyakazi wa kituo umwombe aiwekee punguzo la mgeni mdogo, lile la miaka 11 hadi 15. Litampa nusu nauli kwa muda usiozidi siku 14. Mashine haiwezi kufanya hivyo, na hakuna atakayekukumbusha. Usipoomba, analipa kama baba mtu.

Kwenye treni unagusisha kuingia na kutoka, hata ukikuta geti liko wazi. Kwenye basi unagusisha kuingia tu. Pesa taslimu mabasi ya London hayapokei tangu Julai 2014, kwa hiyo usisimame mbele ya dereva unatafuta sarafu huku nyuma yako wanapumua.

Na hapo ndipo nilipotaka kukufikisha: basi. Kwa mama yako, basi ndilo liwe usafiri wa kwanza. Kaka ataniona mshamba, sawa. Basi lina ngazi sifuri kutoka kibarazani, linainama upande wa mlango, kiti cha wazee kipo mbele chini, na mama anaiona London badala ya kuangalia ukuta mweusi. Nauli iliwekwa pauni 1.75 Machi 2023, popote uendako na saa yoyote (iangalie kabla hujaondoka, huwa wanatangaza mabadiliko). Ukishagusisha, una saa nzima ya kubadili mabasi mengine bila kulipa tena. Ukifikisha nauli tatu kwa siku, yanayofuata ni bure.

Nikuoneshe kwa karibu. Kutoka Paddington kwenda kuona saa ya Big Ben, panda basi namba 36 hadi Marble Arch. Hapo badilisha upande 148, litawapitisha kando ya Hyde Park, Victoria, hadi viwanja vya Bunge. Mabasi mawili, nauli moja. Kituo cha basi kina herufi juu ya nguzo, na katika mtaa mmoja unaweza kukuta vituo vitano vyenye herufi tano, kila kimoja na mabasi yake. Programu ya simu ikikwambia kituo F, tafuta F, usisimame popote penye nguzo. Basi lako likikaribia nyoosha mkono kama unavyofanya Mwenge. Kushuka, bonyeza kitufe chekundu, toka kwa mlango wa katikati. Watoto watakimbilia juu kwenye viti vya mbele. Waache, ila mwambie mkubwa kwamba mkikaribia kituo chenu wateremke kutoka juu kabla basi halijasimama kabisa, wakishika nguzo, kwa sababu dereva hana utingo wa kumpigia bodi asubiri.

Ubaya wa basi nisikufiche. Katikati ya mji linakwenda kama mtu anayetafuta hereni iliyoanguka. Mkiwa na tiketi ya saa maalumu, kwa mfano ya kuingia ngome ya Tower of London, usitegemee basi pekee. Na mabasi ya London nayo hukatisha ruti! Utasikia sauti ikitangaza kwamba safari inaishia hapa. Msigombane na mtu. Subirini basi linalofuata la namba hiyo hiyo, na kama saa yenu moja inakaribia kwisha, muulizeni dereva kuhusu hati ya kuendelea na safari kabla hamjashuka.

Kwa safari ndefu, mna bahati ambayo hukuitaja, nadhani hukuijua: mmelala Paddington, na Paddington iko kwenye njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022. Ni mpya, na vituo vyake vyote 41 unaweza kufika jukwaani bila ngazi. Lifti zipo, zina nafasi. Mkitaka Jumba la Makumbusho la Uingereza, mnashuka kituo cha pili, Tottenham Court Road, mnatembea taratibu dakika kumi hivi, na kiingilio cha kawaida ni bure. Kwenye vituo vingine vyote angalia ile alama ya kiti cha magurudumu kwenye ramani. Ya bluu maana yake hakuna ngazi kutoka mtaani mpaka ndani ya behewa. Nyeupe maana yake mpaka jukwaani tu, halafu kunaweza kuwa na pengo au kidato cha kuingia behewani. Pasipo na alama, mwambie mama hapana. Programu ya simu ya mamlaka ya usafiri ya London, TfL Go, ina sehemu ya kuchagua njia zisizo na ngazi, na inaonyesha lifti iliyoharibika leo. Itazame kila asubuhi. Lifti nazo huugua.

Kutoka uwanja wa Heathrow msifikirie sana. Kuna treni ya haraka, Heathrow Express, dakika 15 hadi Paddington, takriban pauni 25 kwa mtu mzima ukinunua siku hiyo hiyo, watoto hadi miaka 15 bure wakiwa nanyi, na ukikata mapema sana bei hushuka mno. Njia ya Elizabeth inafika hapo hapo kwa karibu nusu saa na bei yake ya kawaida ni ndogo kuliko hiyo. Ya Piccadilly ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, lakini haifiki Paddington, ni ya kina, na mtabadilisha mkiwa na masanduku. Kama tarehe zenu hazibadiliki, linganisha tiketi ya mapema ya ile ya haraka na Elizabeth. Mimi ningechukua Elizabeth, kwa sababu ndege ikichelewa sijapoteza kitu.

Shoga yako na teksi zake: zile nyeusi ni nzuri kweli. Madereva wake hufanya mtihani mgumu wa kukariri mitaa kama 25,000 iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, na kila moja inaingiza kiti cha magurudumu. Lakini mita inakimbia hata mkiwa mmesimama kwenye foleni, na foleni ni nyingi. Tenga fedha ya teksi moja au mbili kwa siku ile mama atakapochoka na mvua kunyesha. Mtu akikufuata nje ya kituo usiku akisema ana gari, mpite. Gari la kukodi lisilo teksi nyeusi lazima liagizwe kabla.

Mambo madogo, haraka haraka. Magari yanapita kushoto kama Tanzania na Kenya, kwa hiyo macho yenu yatatazama upande sahihi yenyewe (wageni wa Kigali na Bujumbura ndio ninaowashika mkono), ila chungeni baiskeli, zina njia zake na hazipigi honi. Kwenye ngazi za umeme simameni kulia. Kushoto ni kwa wenye haraka, na hawaombi radhi. Treni epukeni saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Nauli hupanda, na mama hatapata hata pa kuegemea. Unapozisoma ratiba kumbuka zao ni saa za kizungu: 9:30 ya kwenye ubao ndiyo saa tatu na nusu yetu. Nimeshawahi kumsubiri mgeni saa sita nzima kwa ajili ya hilo.

Simu. Usiishike mkononi ukingoni mwa barabara ukisoma ramani. Vijana wa baiskeli za umeme hupanda kibarazani na kuipokonya bila kusimama. Ingia kwenye mlango wa duka, egemea ukuta, soma, iweke, ndipo utembee.

Na watoto kabla ya siku ya kwanza wafundishe hivi: mlango wa treni ukifungwa mkatengana, aliye ndani ashuke kituo kinachofuata na asimame jukwaani hapo hapo, asitoke. Aliyebaki anamfuata kwa treni inayofuata ya njia hiyo hiyo. Wafanye kama mchezo, kila mmoja arudie kwa maneno yake. Huyo mdogo awe na namba yako kwenye karatasi mfukoni.

Sasa, kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi na inabidi umwone mtu. Vituo vya treni za chini vina wafanyakazi muda wote treni zinapotembea, na kumsaidia mama ni sehemu ya kazi yao, bila kuweka miadi. Mkifika, mwambie mfanyakazi getini mnakwenda wapi na kwamba mama hawezi ngazi. Atawapangia njia na mara nyingi atapiga simu kituo mnachoshukia. Ukiona umetozwa nauli ya juu bila sababu, mwoneshe yeye au uombe marekebisho kwenye akaunti yako, usinyamaze. Mtu akikusumbua ndani ya treni, polisi wa reli hupokea ujumbe mfupi kwa namba 61016. Hatari kubwa ni 999. Na kabla hata ya viza, mpeleke mama kwa daktari wake aangaliwe hayo magoti na miguu kwa ajili ya safari ndefu ya ndege. Mkono wa daktari juu ya goti una thamani kuliko ushauri wangu wote wa lifti. Daktari akisema atumie kiti cha magurudumu uwanjani, kiagizeni kwa shirika la ndege mapema, na mama asione haya. Ninaowajua waliokataa kwa aibu walijuta wakiwa katikati ya zile korido za Heathrow.

Imebaki treni isiyo na dereva. Ipo, inaitwa DLR, ilianza 1987, na vituo vyake vyote havina ngazi za lazima. Siku moja iliyotulia pandeni Elizabeth kutoka Paddington hadi Canary Wharf, tembeeni kidogo hadi kituo cha DLR, muulize yeyote, kisha mwende Cutty Sark huko Greenwich, ambako ule mstari wa meridiani unapita. Saa ya Dar huhesabiwa kutoka hapo, kwa kuongeza tatu. Kwa kuwa hakuna chumba cha dereva, kiti cha mbele kabisa kinatazama reli, madaraja na mabwawa ya bandari ya zamani kana kwamba mtoto ndiye anayeendesha. Mwambie awahi. Wanaume wazima wenye mikoba ya kazi nao hukigombea.